Mke wa Mwenye Duka Alipokuja Kuomba Moto

Mjukuu wangu amekuja jana na basi la kutoka Mbulu mjini, na leo asubuhi amekisusia kiberiti changu.

Wala sikutanii. Nimempa kile cha gesi, cha kubonyeza, nikamwambia washa jiko mama, tunywe chai. Akakigeuza chini juu, akasoma yale maandishi madogo kama miguu ya sisimizi yaliyoko kitakoni, halafu akakirudisha mezani taratibu, kama mtu anayeweka yai. "Bibi, hiki si cha kwetu. Kimetoka nje. Sisi tumekubaliana kwenye grupu, bidhaa za nje hatugusi. Tunanunua cha nyumbani." Anaongea hivyo, puani puani, na mikono inakwenda kama anafukuza nzi. Ndivyo wanavyoongea hawa wa ofisini. Nikamwuliza, na hiyo simu uliyoshika, imefuliwa na mhunzi gani wa hapa Haydom? Akasema, "Bibi, tunaanza na vidogo."

Haya. Anza na vidogo. Nikamwambia basi chukua hiki kigae cha chungu, nenda kwa jirani ukaombe moto, maana sisi tuliposusia ndivyo tulivyofanya. Akakishika kwa vidole viwili kama amepewa panya mfu, akaenda. Jirani mwenyewe ni yule mama anayepangisha vyumba kwa watu wanaouguza wagonjwa wao hospitali. Nyumba yake haiko mbali, lakini ana maneno huyo, mtu haachiwi upesi. Kwa hiyo kaa hapa na mimi. Vuta hicho kigoda. Chai hamna, ila maneno yapo, nayo ni ya nyumbani kabisa, hayana maandishi kitakoni.

Mimi huku Haydom nimeolewa tu. Nimezaliwa kule chini, Balangdalalu, kwa watu wa ng'ombe. Nyumba yetu ilikuwa ya miti na udongo, ya chini, mtu mrefu anaingia ameinama hata kama hana adabu. Mlima Hanang umekaa kule mbele, asubuhi umejifunika mawingu kama mama aliyechelewa kuamka. Na upande wa pili, ziwa. Usifikirie ziwa la samaki, hapana. Ziwa letu lilikuwa la chumvi. Kiangazi kikikaza linanywewa na jua, linabaki limevaa ukoko mweupe, ukikanyaga unasikia kra, kra, kra, kama unavunja ukoko wa ugali. Kuna ndege wa miguu mirefu pale, rangi yao kama ulimi wa ndama. Na harufu! Mayai viza na mvua, vimechanganywa. Mtu wa kuja anaziba pua. Mimi hata leo ikinipata hiyo harufu ndotoni naamka nimeshiba.

Maana sisi tulikula kwa hilo ziwa. Baba kiangazi alikuwa mbali na ng'ombe, anatafuta majani. Mama ndiye aliyebaki na sisi, na kazi yake ilikuwa chumvi. Alikwangua kwa mfupa wa bega la ng'ombe, mkono mwepesi, kama anamkuna mtoto mgongo. Ukikwangua kwa pupa unapata tope. Mama alichukua ule weupe wa juu tu, akaanika, akapepeta, akajaza kwenye mfuko wa ngozi. Halafu watu wa juu, Wairaqw wa huku milimani, walishuka na punda wao wamebeba mahindi na maharage. Wanatupa mahindi, tunawapa chumvi. Ng'ombe wao bila chumvi ile walikuwa wanalamba kuta za nyumba. Hayo mahindi ndiyo yalitupeleka mpaka mvua. Weka hilo kichwani, kwa sababu ndilo lililotaka kuharibika. Hakuna chumvi, hakuna mahindi. Hakuna mahindi, watoto wanalala wanasikilizana matumbo.

Sasa palikuwa na duka. Duka moja tu, la bati, bati lenyewe likipigwa jua linapiga kelele tak, tak. Mwenye duka alitoka mbali, sisi tulisema tu "kule". Mtu mwembamba, anatembea haraka hata kama haendi popote, na sauti yake ilitokea juu ya kichwa. "Kaaaribu, mteja wangu! Mteja wangu, leo nikupe nini?" Hata mbuzi akipita mlangoni, "Kaaaribu, mteja wangu!" Hakuwa mtu mbaya. Nilimpenda kwa sababu ya peremende, zilikaa kwenye chupa kubwa, nyekundu, na mimi nilikuwa nasimama pale naziangalia tu, naye anasema, "Mteja wangu mdogo, macho hayanunui." Lakini siku nyingine ananipa moja. Mama alikuwa anampelekea chumvi, naye anampa shanga, sabuni ya mche, kitambaa.

Ikaja lori. Lori ikashusha magunia ya chumvi nyeupe, laini, nyeupe kama meno ya mtoto, imetoka ng'ambo huko, imepanda meli. Mwenye duka akafurahi na chumvi yake kama mtu aliyezaa. Watu wa juu wakishuka, kabla hawajafika kwetu wanapita kwake, anawalambisha kwenye kiganja. "Onja, mteja wangu! Hiyo ya ziwani achia ng'ombe. Watu wa siku hizi wanakula nyeupe!" Na wao wakaanza kununua. Punda wakawa wanarudi milimani bila kutufikia.

Mama alikuwa mjamzito wakati huo, tumbo limeshuka, amebakiza kidogo tu. Akajitwika mfuko wake, akaenda dukani, na mimi nyuma yake. Alitaka kuongea tu. Mama hakuwa mtu wa kelele, aliongea kama anaogopa kuamsha mtu. "Tumezoeana," akamwambia. "Chukua na yangu, uiweke hapo pembeni ya hiyo yako. Anayetaka nyeupe achukue nyeupe, anayetaka hii achukue hii." Mwenye duka alikuwa na wageni wa lori, sijui alitaka kuwaonyesha nini. Akacheka. Akasema, "Mama, hiyo ni ya ng'ombe!" Akausukuma ule mfuko kwa mguu, ukapinduka, chumvi ikamwagika barabarani, mbele ya miguu ya mama.

Basi wakaja mbuzi. Wakaja mbio, wanasukumana, wanalamba, na wa kwanza kufika walikuwa mbuzi wa mwenye duka mwenyewe.  Mama alishika tumbo, akachukua mfuko mtupu, tukarudi. Njia nzima nilikuwa nasikia nyuma yetu ulimi wa mbuzi, sla, sla, sla.

Bibi yangu, mama mzaa baba, alikuwa anatafuna tumbaku, kwa hiyo maneno yalitokea upande mmoja wa mdomo, upande wa pili umefungwa. Tulipomweleza akatema. "Amemwagia nani?" Mama akasema, mimi. Bibi akasema, "Wewe? Na huyo aliye tumboni? Na mimi? Na huyu mdogo? Huyo mtu ametumwagia wote." Akachukua fimbo yake, akatoka.

Kwetu ilikuwa hivi. Mwanaume akimdhalilisha mwanamke mwenye mimba, amewadhalilisha wanawake wote, na wanawake wanakaa baraza lao. Siyo la wazee wa kiume, hapana, wanaume hapo hawasogei, wanapita mbali wamejifanya wanatafuta ndama. Wakaja wanawake na fimbo zao, na vikuku vya shaba mikononi vinalia. Hata akina mama wa Kiiraqw waliokuwa wanalima jirani na sisi, wakaja. Wakaimba, wakakaa, wakasema. Sisi watoto wa kike tulikuwa nyuma, tunasikiliza na mdomo wazi. Na neno likatoka: huyu mtu hakuna anayevuka kizingiti chake. Kilichoshushwa na lori hakiingii nyumbani kwetu. Na cha kwetu hakiingii kwake, si maziwa, si yai, si kuni. Mpaka alete asali ya kutuomba msamaha.

Mjukuu wangu anafikiri kususia ni kuandika kwenye simu. Wee! Kususia ni kazi. Sabuni hakuna, tukafulia majivu na majani ya porini, mikono ikawa kama kucha za kuku. Mafuta ya taa hakuna, tukakoka moto mkubwa tukaangaliana kwa huo huo. Mafuta ya kujipaka, samli, tukanukia kama vibuyu na nzi wakatupenda. Sukari hakuna, lakini sukari tulikuwa hatujaizoea sana, aliyeumia hapo nilikuwa mimi na zile peremende. Nilipita mbali na duka nimegeuza shingo upande mwingine, lakini jicho moja lilibaki huku.

Na kiberiti hakuna. Sasa hapo ndipo raha ilipo. Moto wa kwetu ulikuwa haulali. Unafukiwa na majivu jioni, asubuhi unafukuliwa, unawekewa kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, unapuliza fuu, fuu, unaamka. Ukizimika, unachukua kigae unakwenda kwa jirani. Huombi moto ukaondoka hapo hapo kama mwizi. Unakaa. Unaulizwa mtoto amelalaje, ng'ombe wamesikika wapi, unapewa maziwa mgando yenye harufu ya moshi, ndipo unabeba makaa yako unatembea haraka, umekinga upepo na shuka, moshi unakufuata kama mbwa. Ukiona nyumba haitoi moshi asubuhi, unaenda kuangalia kuna nini. Kiberiti kilikuwa kimeanza kutuzoesha kukaa kila mtu kwake. Wakati wa kususia tukarudi kutembeleana, na vicheko vikarudi. Nilikuwa natumwa mimi, na kila nyumba nilipotoka nilibeba moto mkononi na sauti ya mwenye nyumba mdomoni. Nikifika nyumbani namwigiza: huyu anavyokohoa, yule anavyomsema mume wake. Bibi anacheka mpaka tumbaku inamtoka.

Asubuhi moja tumekaa nje, mama anachambua mtama, bibi anatafuna. Tunaona mtu anakuja kutoka upande wa duka. Mwanamke. Amevaa kanga, kichwa kimeinama, mkononi ana mfuniko wa sufuria. Mke wa mwenye duka! Huyo dada alikuwa mdogo tu, ameletwa kutoka huko kwao, lugha yetu haijui. Kiswahili chetu wenyewe kilikuwa cha kukwaruza kama kokoto. Siku zote alikuwa nyuma ya magunia, ukimsalimia anatabasamu anakimbia.

"Shikamoo bibi. Shikamoo mama."

"Marahaba," bibi akasema, kwa ule upande wake. "Unataka nini?"

"Nimekuja kuomba moto."

Bibi akaacha kutafuna. Mimi nilikuwa sijawahi kuona bibi ameacha kutafuna. "Moto? Mwanangu, kwenu viberiti vimejaa mpaka juu ya dari. Mume wako hajui kuviwasha?"

 Yule dada akaangalia tumbo la mama. Halafu akasema, polepole, kwa sauti ndogo, "Viberiti vipo. Lakini nilisikia mmesema wanawake wote. Na mimi ni mwanamke."

We acha tu. Mimi nina miaka mingi, nimesikia wahubiri, nimesikia wanasiasa wamesimama juu ya gari na spika, sijasikia neno likaingia kama lile. Bibi akasogea kwenye kigogo alichokalia, akapiga pale pembeni yake kwa kiganja, pa, pa. "Kaa." Dada akakaa. Akapewa maziwa mgando, akakunja uso kwa ule moshi, akanywa yote. Siku hiyo alibeba moto kwenye mfuniko wa sufuria ukamchoma vidole, mama akampa kigae. Tangu hapo akawa anakuja kila asubuhi. Na akiondoka, mama anamfungia chumvi kidogo kwenye jani.

Ndiye aliyetuletea habari za ndani ya duka. Na alijua kuigiza kuliko mimi, huyo! Alisimama katikati ya uwanja wetu, akabana shingo, akawa mume wake: "Mke wangu, leo mboga imekuwa tamu! Unaona chumvi ya ng'ambo inavyofanya kazi?" Kumbe sufuriani ni ya kwetu. Bibi alilala chini kabisa kwa kicheko, mwanamke mzima, na shanga zake zote.

Mwenye duka akajaribu kupatana. Siku moja tukamwona anakuja barazani kwa wanawake na kijana wa kazi wamebeba gunia. Ameoga, amechana nywele. "Kaaa... samahani, mama zangu. Nimeleta. Sukari safi, gunia zima! Tamu kuliko asali, na haina nyuki!" Alifikiri utamu ni utamu. Akina mama wakaliangalia gunia kama linataka kuuma. Mkubwa wao, bibi mmoja mwenye sauti kama jiwe la kusagia, akamwuliza, "Hii imetoka wapi?" Akajibu kwa furaha, "Ng'ambo!" Maskini. Mkewe alikuwa amekaa katikati ya wanawake, akaficha uso kwenye kanga, mabega yanaruka. "Irudishe," yule bibi akasema. "Tumekuambia asali. Nyuki wa hapa, maua ya hapa."

Akaitafuta. Lakini nani amuuzie? Cha kwetu hakiingii kwake. Akapanda mpaka juu, kwa mzee mmoja wa Kiiraqw mwenye mizinga, mtu anayeongea kutoka huku chini kooni, kama anasukutua. Mwenye duka akamwekea hela, mzee akazisukuma kando. Akamwekea kitambaa, mzee akasema wake zangu wanavyo. Akamwekea ile chumvi nyeupe. Mzee akaliita dume lake la ng'ombe, akalilambisha kiganjani. Dume likanusa, likapiga chafya, likageuka. Mzee akasema, "Mimi sina neno na wewe. Mwenye neno ni huyu. Niletee ile ya ziwani ambayo mbuzi wako waliila."

Basi akashuka. Na huku mama alikuwa amejifungua, mtoto wa kiume, ana nywele mpaka kwenye masikio. Kwetu mama akizaa anakaa ndani miezi, na mwanaume wa nje haingii, wala mama hatoki kuongea naye. Mwenye duka akasimama kwenye mlango wa boma, nje ya miiba, kofia mkononi. Kati yao kuna mimi tu. Bibi akasema, "Nenda. Peleka maneno kama yalivyo."

Mimi nikaambiwa kama yalivyo, nikapeleka kama yalivyo, na sauti zake.

Nikasimama mlangoni, akaniambia. Nikaingia ndani kwenye giza, kwenye harufu ya maziwa na samli, nikabana pua, nikainua mabega: "Mteja wangu... mama... samahani. Ile chumvi yako. Kama ipo. Ningependa kidogo." Mama alikuwa ananyonyesha. Alicheka mpaka titi likamtoka mtoto mdomoni, mtoto akalia. Akajifuta macho, akasema neno. Nikatoka nje, nikateremsha macho, nikawa mama: "Si ulisema ni ya ng'ombe?"

Mwenye duka akaizungusha kofia yake mkononi. Jua linamchoma kichwa. Halafu akasema, na ile sauti ya juu ya kichwa haikuwepo tena, ilikuwa imeshuka kifuani, "Mwambie ng'ombe ni mimi."

Hiyo nilishindwa kuiigiza. Niliingia nikaisema tu, kwa sauti yangu. Mama hakucheka. Akamtazama mtoto muda mrefu, akamlaza, akasema, "Iliyomo humu ndani ni ya watu walioisubiri. Yeye mwambie ziwa lipo, halina mlango. Mpe mfupa wangu. Na wewe nenda ukamwonyeshe, asiharibu."

Unajua habari inavyotembea kwa miguu ya wanawake? Tulipofika ziwani, mimi, bibi, na mwenye duka, wanawake walishafika, wamekaa kandokando kama wanasubiri harusi, na mke wa mwenye duka mbele yao na kikapu. Akaanza kukwangua. Kra, kra, kwa nguvu, kwa haraka, kama anavyotembea. Tope. Akamwaga. Akakwangua tena. Tope. Mguu ukazama, kiatu kikabaki huko chini, akaendelea na kimoja. Mikono ikapasuka, chumvi ikaingia kwenye mipasuko, akawa anaruka anapuliza vidole. Na mkewe kutoka kando anapiga kelele, "Taraaatibu, mteja wangu! Mteja wangu, macho hayakwangui!" Wanawake walilia kwa kucheka.

Mimi nikamsogelea. Nikamshika mkono nikamwambia, kama unamkuna mtoto mgongo. Akajaribu. Akajaribu. Jua lilipoanza kuteremka, kikapu kilikuwa na weupe wa kutosha, hakuna tope. Alikaa pale kwenye ukoko, mguu mmoja hauna kiatu, akaangalia ule mfupa wa mama mkononi mwake, akamwuliza bibi, "Na yeye alikuwa anafanya hivi na lile tumbo?" Bibi akatafuna. Akatema. "Kila kiangazi."

Chumvi ikaenda juu, asali ikashuka. Ikapikwa pombe, wanawake wakanywa, wakamnyunyizia mwenye duka maziwa kichwani akasimama yanamchirizika mpaka kidevuni, akasema ahsante. Na kesho yake nikapita dukani kwa jicho langu zima, siyo nusu. Chumvi nyeupe ilikuwa bado ipo. Hakuna aliyesema aitupe. Lakini pembeni yake palikuwa na debe limejaa chumvi ya mama, pale pale mama alipoomba iwekwe siku ile. Na mtu wa juu akiingia na punda wake unasikia, "Kaaaribu, mteja wangu! Hii nyeupe ni ya sufuria. Lakini hii ya ziwani, hii, angalia mikono yangu nikueleze!" Mahindi yakaja. Mwaka ule tulikula mpaka mvua ikatukuta tunakula. Yule mdogo wangu aliyezaliwa akanenepa shingo ikapotea. Na peremende nilipewa, nyekundu, moja, nikailamba, nikaitoa, nikaifunga kwenye jani, nikailamba tena.

Yule dada aliendelea kuja kuomba moto, hata viberiti viliporuhusiwa. Mume wake anauliza, "Lakini mke wangu, si vipo?" Anamjibu, "Vipo, ila havina maziwa mgando." Miaka mingi baadaye walihama kurudi kwao. Siku ya kuondoka, vitu vimeshapakiwa, alikuja mbio na kopo lenye tundu, akamwomba mama moto wa mwisho. Akapanda nao kwenye lori, moshi unatoka, dereva anafoka, "Mama, utatuchoma!" na yeye anacheka na analia. Sijui aliufikisha wapi. Mimi nasema ulifika.

Sasa kule ziwani watu wamebaki wachache wa kukwangua. Walikuja watu wa zahanati na picha za watu wenye uvimbe shingoni, wakasema kula ya pakiti, ina dawa. Nami nakula ya pakiti, shingo yangu naipenda. Vitu vya nje, vya ndani, mimi siwezi kumhukumu mtu, mjukuu wangu ana akili yake na ninamwombea. Mfupa wa mama sijui nani alikuwa nao mwisho. Ila kila nikiweka chumvi kwenye mboga nawashukuru, mmoja mmoja, bibi na tumbaku yake, mama na ile sauti ya kuogopa kuamsha mtu, na yule mtoto wa watu aliyeacha viberiti vyake akatembea mpaka kwetu na mfuniko wa sufuria. Kama asingekuja yeye, sijui tungeshindana mpaka lini.

Haya, sikia, mlango wa uani. Anakuja.

"Bibi!" Ona uso wake. Na kwenye kigae kuna nini? Kiberiti. Cha gesi, cha kubonyeza, ndugu yake na changu. "Bibi, hana makaa. Anapikia gesi siku hizi. Kaniazima hiki." Nikamwambia kigeuze tusome kitako. "Bibi, usianze."

Lakini nyuma yake kuna mtu anahema. Jirani mwenyewe, na kanga imefungwa vibaya, na chupa ya chai kwapani. "Shikamoo dada! Mtoto ananiambia kwenu hakuna moto, nikasema Mungu wangu, huyu dada yangu anaumwa au kuna nini? Nikawaacha hata wapangaji wanadai maji ya kuoga." Anaweka chupa mezani, anavuta kigogo, anakaa bila kuambiwa. Amekuja kuangalia kuna nini. Hivyo tu. Nimekaa nikamtazama, na macho yangu haya ya uzee yanajaa bila ruhusa.

Mjukuu wangu analeta vikombe. Halafu mkono wake unaenda kwenye ile chupa, taratibu, anaishika shingoni, anaanza kuiinamisha, anatafuta maandishi.

"Usiigeuze, mama," nikamwambia. "Itamwagika."